Tairi Nne za Onchiri

Ndugu yangu Onchiri aliendesha gari lake miaka ishirini na minane bila kuligongesha hata kwenye uzio. Siku lilipoanguka, mimi ndimi niliyekuwa nimeketi kando yake, na mimi ndimi niliyemfanya aliangushe. Watu wa Ekerenyo wanaijua nusu ya kwanza ya habari hii. Nusu ya pili sijaisema mbele ya watu mpaka leo, nami nina miaka sabini na sita.

Onchiri ananifuata kwa kuzaliwa. Tulizaliwa Ekerenyo, mimi nikaolewa Manga, yeye akabaki kwenye shamba la baba kama ilivyo desturi. Mwaka wa sabini na tatu magari ya mashindano ya Pasaka yalipita kwenye milima yetu, mvua ikinyesha. Alikuwa kijana wa miaka ishirini. Alisimama kwenye kona tangu alfajiri, na gari moja la milango miwili, pua ndefu, likapita likamrushia tope kuanzia utosini mpaka vidoleni. Alirudi nyumbani akicheka peke yake. Mama akamwambia aoge. Akasema, "Ngoja kwanza likauke."

Baadaye alipata kazi ya kuendesha lori la kubeba majani ya chai. Mwaka wa themanini na nane akaliona gari la namna ileile kule Kisumu, Datsun kuukuu, nyuma ya kinu cha mbao cha Mhindi mmoja, limefunikwa turubai, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Aliuza mafahali wawili, akalivuta kwa lori mpaka nyumbani. Yeye na rafiki yake Ombui, fundi wa magari, wakalihangaikia karibu miaka mitatu. Walipomaliza walilipaka rangi ya papai lililoiva, na siku lilipounguruma mara ya kwanza ng'ombe wa jirani walikata kamba.

Mngedhani mtu aliyelitafuta gari la mbio kwa namna hiyo angekimbia nalo. Hapana. Onchiri aliliendesha kama anayebeba mayai. Vijana wa bodaboda walikuwa wakimpita wakipiga kelele, "Mzee Onchiri, mbona umemfunga duma kamba ya mbuzi?" Naye hujibu kupitia dirishani, "Wewe uliyekimbia, umeshafika wapi?"

Kitu kimoja tu hakukifanyia mzaha: tairi. Angeweza kuvaa shati moja wiki nzima, lakini tairi aliichagua kama mzee anayechagua ng'ombe wa mahari. Aliibonyeza kwa ukucha, akainusa, akaingiza dole gumba kwenye mifereji yake, akaizungusha asome kila kitu kilichoandikwa ubavuni. Mimi nilikuwa nikimcheka. Nilikuwa nikimwambia, "Onchiri, hiyo ni mpira, si msichana." Anasema, "Dada, gari lote hili linashika ardhi mahali pane tu, na kila mahali hapazidi kiganja changu. Wacha nijue hivyo viganja ni vya nani."

Sasa niseme habari ya ng'ombe, maana ndiyo mzizi wa mambo yote.

Kwetu, msichana akiolewa, ng'ombe walioletwa kwa ajili yake huenda kumwoza kaka yake. Baba hupanga: huyu na huyu. Mimi nilipangwa na Onchiri. Niliolewa mwaka wa sitini na tisa, bwana wangu akaleta ng'ombe saba na dume mmoja, na hao na ndama wao ndio waliokwenda kwa kina Kemuma akaletwa awe mke wa Onchiri. Ndugu aliyeoa kwa ng'ombe wako hakunyimi kitu. Hakuna aliyemwandikia sheria hiyo, anaijua tu. Ukija kwake anakuchinjia kuku. Ukimwita anakuja. Na wewe dada, heshima yako ni kutolitaja jambo hilo. Unalinyamazia, kama mtu anavyonyamazia chakula alichomlisha mgeni. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijatoka kwake, na miaka hamsini sikuwahi kulitaja.

Mwaka wa elfu mbili kumi na tisa, mwezi wa nane, kanisa jipya la Waadventista lilikuwa linafunguliwa kule kwetu Ekerenyo. Lile la zamani tulilijenga sisi wenyewe. Mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja nilibeba mawe kichwani kutoka mtoni, safari nne kila Jumapili, na katika wasichana tuliobeba mawe yale tumebaki wawili: mimi na Phanice, aliyeolewa na binamu yetu. Wazee wa kanisa wakasema mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa, nitakata utepe.

Jumapili iliyotangulia nilikutana na Phanice sokoni. Mwanawe alikuwa amekuja kutoka Nairobi na gari jipya, jeupe, refu kama nyumba.

"Bosibori wee," akaniambia, "mkata utepe! Utafika na nini? Ukipanda bodaboda hiyo kofia yako itafika Nyamira kabla yako."

Wanawake wote wa ndizi wakacheka. Phanice hana ubaya, mdomo wake tu ndio hauna breki. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kuumia na vitu vidogo. Nikamjibu, "Nitafika kwa gari ambalo mwanao hawezi kulinunua hata akiuza lake, kwa sababu haliuzwi." Nikaenda nikampigia Onchiri simu.

Onchiri akasema, "Dada, gari liko sawa, lakini tairi zimekwisha. Mbili za nyuma zimeanza kuonyesha nyaya."

"Si ununue nyingine?"

"Saizi yake imekuwa adimu. Inataka kutafutwa."

"Basi tafuta. Sabato ndiyo siku."

Alitafuta Nyamira hakupata. Ijumaa akateremka nalo Kisii polepole, mimi nikamkuta kwenye duka la Abdirahman, mwuza tairi. Ilikuwa saa sita na nusu, duka limefungwa, mwenyewe ameenda sala ya Ijumaa. Tukangoja juani mpaka saa nane. Na mimi nilikuwa nikilitazama jua kwa jicho lingine, kwa maana jua lile likizama Sabato imefunguka, na Msabato hanunui wala hauzi mpaka jua la kesho lizame. Kwa hiyo kati ya sala yao na Sabato yetu tulibakiwa na saa nne na kitu. Ningekuwa mtu wa subira, zingetosha.

Abdirahman alikuja na kanzu yake, kijana wa miaka kama thelathini na mitano, akamshika Onchiri mkono kwa mikono miwili. Walikuwa wakijuana. Aliliinamia gari, akaguna.

"Mzee, hizi za nyuma umetembeaje nazo?"

"Kwa maombi," Onchiri akasema.

"Rimu ya kumi na nne ninazo tele. Lakini ni hizi nyembamba za Probox."

"Hivyo ni viatu vya mtoto. Likivaa hizo, kwenye kona litatembea kwa ubavu."

"Kuna mitumba ya Japani, saizi yako hasa. Lakini ziko mbili tu, na moja ina kiraka kwa ndani."

"Mbili hapana. Mguu huu kiatu, mguu ule ndara?"

Nyangau, fundi wa kufunga tairi, mzee mwenye tumbo, akadakia akiwa chini na jeki yake, "Mzee Onchiri, mimi nitakufungia za mkokoteni. Kwa mwendo wako hutajua tofauti!" Tukacheka wote, hata mimi.

Hapo ndipo nilipoinua macho. Juu ya mlango zilitundikwa tairi nne, nyeusi ti, zinang'aa, herufi nyeupe zimezunguka ubavu kama shanga. Nikasema, "Na zile?"

Onchiri alitazama, akasoma saizi kutoka chini. "Ndizo zenyewe," alisema kwa sauti ndogo. Nyangau akaziteremsha. Mifereji yake ilikuwa na kina, na vile vinywele vya mpira vya kiwandani bado vilikuwa vimesimama. Hazijagusa barabara hata siku moja. Moyo wangu ukatulia.

Abdirahman akatikisa kichwa. "Mama, hizo ni pambo la duka. Nilizikuta hapo siku niliponunua duka hili. Siziuzi."

"Mpya kabisa, unasema huziuzi?"

"Si mpya. Hazijatumika, lakini si mpya." Akainama, akanionyesha kwa kidole ubavuni mwa tairi, mahali palipokuwa na alama ndogo kama ya yai, na ndani yake namba nne: tatu, moja, sifuri, nane. "Wiki ya thelathini na moja, mwaka wa elfu mbili na nane. Ndio umri wake. Tairi haizeeki kwa kutembea tu, mama. Huzeeka hata ikilala. Na hizi zimelala zikipigwa na jua la asubuhi miaka yote hiyo."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni wa mwaka wa arobaini na tisa. Na mimi nitundikwe ukutani?"

Nyangau akacheka mpaka jeki ikalia. Abdirahman akatabasamu kwa heshima. Onchiri hakucheka. Alikuwa amechuchumaa, anaipanua mifereji kwa vidole gumba viwili, na mle ndani kabisa nikaziona nyufa nyembamba, kama za kisigino cha mtu anayelima kiangazi. Niliziona. Nisije nikasema sikuziona.

"Nikipiga simu Nakuru sasa hivi," Abdirahman akasema, "kesho adhuhuri nne mpya ziko hapa, za mwaka huuhuu."

"Kesho ni Sabato," Onchiri akasema.

"Basi Jumapili asubuhi."

"Jumapili!" nikasema. "Jumapili utepe umeshakuwa kitambaa cha kufungia mbuzi!"

Onchiri akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali. "Dada, kesho twende na Probox ya Mokua. Ameiosha. Ni jirani mwema, atatupeleka mpaka mlangoni. Halafu Jumapili nikivaa hizi za Nakuru nitakuzungusha popote utakapo, hata Kisumu."

Alikuwa amesema kwa upole, na alikuwa amesema kweli. Lakini mimi nilikuwa naliona gari jeupe la Phanice. Nilikuwa naiona Probox ya Mokua inayobeba maziwa na mbuzi. Nilikuwa nalitazama jua. Nikafungua kinywa, nikasema, mbele ya Mwislamu mgeni na mbele ya Nyangau anayemjua kila mtu Kisii nzima:

"Onchiri. Ng'ombe zangu saba na dume ndizo zilikuletea mke. Miaka hamsini sijakuomba hata kamba. Leo nakuomba gari siku moja, unaninyima?"

Nyangau akaanza kuitazama spana yake kana kwamba hajapata kuiona. Onchiri alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Hakunitazama. Akamwambia Abdirahman, "Funga hizo."

"Mzee..."

"Funga, mwanangu."

Abdirahman alikataa pesa. Alisema hawezi kuuza kitu asichokiamini, lakini kwa sababu ya heshima atatuazima mpaka Jumapili, na gari lisizidi mwendo wa arobaini. Wakati Nyangau anafunga, yeye na Onchiri walisimama pembeni wakinong'ona muda mrefu. Mimi nilidhani wananisema. Nikageuza shingo nikatazama upande wa kilima cha Nyanchwa, nikalihesabu jua. Tulifika Manga kabla halijazama. Onchiri alilala kwetu, akaimba na watoto wimbo wa kufungua Sabato, akala akashukuru. Lakini hakuniita dada jioni ile. Hakuniita jina lolote.

Asubuhi palikuwa pameoshwa na mvua, anga safi. Nilivaa gauni la zambarau na kofia nyeupe yenye ua. Watoto wa Manga walikimbia nyuma ya gari mpaka kwenye kona. Tairi zile zilipendeza, nisiseme uongo. Onchiri alishika usukani kwa mikono miwili, mshale kwenye thelathini, macho mbele, na nikiongea anajibu "mm".

Tulikuwa tumeanza kuteremka nilipoisikia honi. Gari jeupe likatupita. Phanice alikuwa dirishani, anapunga mkono, anacheka na meno yote. Sasa najua alikuwa anasalimia tu, amefurahi kutuona. Siku ile niliona kitu kingine.

"Onchiri," nikasema, "hili ni gari au ni jongoo?"

Macho yake yalibaki barabarani.

"Nifike baada ya Phanice, na mkasi ni wangu?"

Basi akakanyaga. Si sana. Lakini ndiyo mara ya kwanza nililisikia gari lile likinguruma kama lilivyotengenezwa, na Mungu anajua nilifurahi. Nilishika kofia yangu nikacheka.

Tairi ya nyuma kushoto ilibanduka ganda lake, kama ndizi. Nilisikia *pu-pu-pu* chini ya kiti, halafu kishindo, halafu mlima ukageuka upande. Upande wangu kulikuwa na korongo. Onchiri aliuvuta usukani kwa mwili wake wote, akaliingiza gari kwenye ukingo wa upande wake yeye, pua ikachimba udongo, tukajikuta tumelalia ubavu katikati ya michai ya watu.

Majani ya chai yalikuwa yameingia mpaka ndani. Nikasikia sauti yake, nyembamba, "Dada, umeumia?"

Na mimi nikasema, "Kofia yangu."

Nimeishi na neno hilo miaka yote hii. Ndugu yangu goti limevunjika, amebanwa chini ya usukani, ananiuliza kama nimeumia, nami namwambia kofia yangu.

Phanice aliona kwenye kioo hatuko nyuma, akamgeuza mwanawe. Ndiye aliyevua kitenge chake akamfunga Onchiri mguu. Ndiye aliyemwingiza kwenye vile viti vyeupe na damu yake na tope lake, na mwanawe aliposema "Mama, viti," akamwambia, "Viti vitaoshwa, wewe endesha." Hakuona kanisa likifunguliwa, wala mimi sikuona. Utepe ulikatwa na mtoto wa mchungaji.

Jumapili Abdirahman alikuja mwenyewe na pikapu mpaka Ekerenyo. Mimi na Kemuma tulikuwa tumetoka hospitalini kuchukua nguo. Nyuma ya pikapu kulikuwa na tairi nne mpya, zimefungwa karatasi ya kahawia. Ndicho alichokuwa akinong'ona Onchiri ile Ijumaa: alikuwa ameziagiza, amezilipia kabisa. Zile za ukutani alizivaa siku moja tu kwa ajili ya mdomo wangu.

Abdirahman hakuingia ndani. Alisimama uani, akainamisha kichwa, akasema, "Mama, lawama ni yangu. Mimi nilijua umri wake, na mimi ndimi niliyetoa."

Mtoto ambaye ningeweza kumzaa. Ilinipasa kumwambia, hapana mwanangu, ulisema ukweli nami nikakushinda kwa makelele. Nikamwambia, "Ni mapenzi ya Mungu." Nikamwacha aende nayo lawama ile, aipeleke Kisii kwenye pikapu.

Goti lilipona kwa miezi mitano, akabaki na fimbo, lakini alitembea vizuri. Ombui alilivuta gari kutoka kwenye michai, akalinyoosha pua, akalipaka rangi upya. Mwaka wa elfu mbili ishirini na moja ulipoanza, gari lilikuwa zima, limesimama juu ya mawe kwenye banda, miguu mitupu. Tairi nne zilikuwa ghalani, mita kumi na tano kutoka pale. Kazi ya nusu siku. Onchiri hakuzifunga.

Nilimtembelea kila mwezi. Nilimpelekea ndizi, nikampelekea jogoo, nikamnunulia koti la baridi. Tuliongea habari za chai na za wajukuu na za nani amekufa. Habari ya gari hatukuigusa. Nikitoka nachungulia ghalani naziona ziko vilevile na karatasi yake. Moyoni nikasema, amenikasirikia. Ana haki. Akipoa atazifunga, nami nikiziona zimefungwa nitajua amenisamehe. Ikawa hivyo mwaka, ikawa miwili, ikawa mitano. Nilikuwa nangoja tairi ziniambie kitu ambacho ilikuwa kazi yangu kukisema.

Mwaka jana macho yake yakaanza kuingia ukungu. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na imechelewa. Kufikia mwezi wa pili mwaka huu alikuwa anaona mwanga na vivuli tu, anamtambua mtu kwa hatua.

Nilikwenda kumwona. Kemuma alinikaribisha chai jikoni, na nilipomuuliza hali akasema, "Anakaa bandani siku nzima, anaipapasa ile gari." Akakoroga moto. "Muulize mwenyewe, dada. Mimi nimechoka kuwatazama nyinyi wawili."

Nikatoka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkono juu ya boneti.

"Bosibori," akasema kabla sijafika. "Unaburuta mguu wa kushoto."

"Onchiri, kwa nini hukuzifunga zile tairi?"

Swali lenyewe lilitoka kabla sijalipanga. Akanigeuzia uso, macho yakitafuta mahali nilipo.

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema.

"Mimi?"

"Gari lilikuangusha wewe, mkubwa wangu. Nitaliamshaje kabla hujafungua kinywa? Nilisema, akiwa tayari ataniambia, Onchiri, nipeleke mahali. Kila ukija nasikiliza. Unaniambia habari ya jogoo."

"Mimi nilidhani umenichukia."

"Na mimi nilidhani umelichukia gari." Akacheka kidogo, ile sauti ya kijana wa tope. "Miaka sita, dada! Tungekuwa tumefika Kisumu tukarudi mara ngapi?"

Alisimama, akanishika bega, akasema nimpeleke ghalani. Tulikwenda hivyo, fimbo yake na mguu wangu mbovu. Akaipapasa ya kwanza, akaichana karatasi, akaibonyeza kwa ukucha kama zamani, akainusa.

"Nisomee," akasema. "Ile alama ya yai. Unaijua."

Nikavaa miwani. "Moja, nne, moja, tisa."

"Wiki ya kumi na nne. Zilipokuja zilikuwa na miezi minne." Midomo yake ikahesabu. "Sasa ni wazee hizi. Kijijini hapa zingeenda bado, polepole. Mteremko wa Manga, siwezi kumwambia mtu azitegemee." Kidole chake kilikuwa kinapita ndani ya mifereji, kinatafuta nyufa. "Na dereva mwenyewe ndiye huyu."

Ndipo nikasema. Nilisema, "Onchiri, nilikosa. Ile siku dukani nilikosa, na barabarani nilikosa." Nilishangaa neno lenyewe lilivyokuwa fupi. Nilikuwa nimelibeba kama mawe ya kanisa, na kumbe halikujaza hata pumzi moja.

Akaendelea kupapasa. Nilidhani hakusikia.

"Tairi si kitu," akasema mwishowe. "Hata goti. Lakini ile habari ya ng'ombe, dada. Uliisema mbele ya Nyangau. Kemuma aliisikia sokoni kabla sijatoka hospitalini."

Miaka sita nilikuwa nikijihukumu kwa kosa dogo, na lile kubwa sikujua hata kama lilifika nyumbani. Nikamkumbuka Kemuma jikoni, chai yake kila mwezi, sukari mbili kama ninavyopenda.

"Sitaisema tena," nikasema.

"Najua." Akasogea kwenye ukuta, akitafuta kwa mkono. "Na Kemuma mwambie wewe mwenyewe. Lakini si sasa. Nisomee ya pili kwanza."

Nikapangusa miwani kwa kanga. Nikaichana karatasi, nikaizungusha tairi kwenye mwanga wa mlango, nikatafuta alama ya yai. Ilinichukua muda.

"Moja," nikasema. "Nne."